Hina ya Mkono wa Kushoto

Sogeeni karibu, na atakayesinzia asimlaumu mtu, kwa sababu mwisho wa hadithi hii sinao mimi. Mtautoa nyinyi.

Pangani palikuwa na wanawake watatu wa mtaa mmoja. Wa kwanza ni Shemsa, fundi cherehani, aliyejaliwa kutunga. Akikusimulia kuku aliyepotea, utasimama mlangoni na ndoo yako kichwani mpaka kuku apatikane. Wa pili ni Mgeni, wifi yake, aliyejaliwa kutilia shaka. Filamu ikianza tu anamnyooshea mhalifu kidole, mpaka majirani wakakataa kuitazama naye. Wa tatu ni Hidaya, aliyerudi kutoka chuo kikuu na shahada moja na wasiwasi usio na idadi. Yeye alijaliwa kurekebisha. Sentensi ikikaa upande, hali akashiba mpaka ainyooshe.

Basi Shemsa akatunga hadithi ya upelelezi. Nyumba ya harusi imejaa wanawake, na kidani cha dhahabu cha bibi harusi kimetoweka kwenye kasha. Kila shangazi anamtazama mwenzake kwa jicho la pembeni. Mwisho inagundulika kuwa mwizi ni yule mpaka hina, mwanamke aliyekuja kumpamba bibi harusi. Shemsa aliiandika huku vitambaa vya wateja vikimlalia mezani, na aliyeisoma alisikia harufu ya pilau ndani yake.

Mgeni akaisoma, akacheka.

"Wifi, mwizi nimemjua kabla pilau haijaiva."

"Muongo wewe!"

"Nyumba ya harusi kila mtu ana kazi. Huyu anamenya vitunguu saumu, huyu anachagua mchele. Mpaka hina wako kamaliza kazi, anazurura tu. Anazururia nini?"

Shemsa akanuna. Mgeni akasogeza kiti. "Mwizi awe bibi harusi mwenyewe. Mikono yake ina hina mbichi, hata maji ya kunywa ananyweshwa. Nani atamshuku? Anakificha kidani cha marehemu mama yake ili baba yake mdogo asikiuze."

Shemsa akamtazama kama mtu aliyeibiwa mbele ya macho yake mwenyewe. Kisha akaufuta mwisho wote na kuuandika upya.

Hapo ndipo kitabu kikamfikia Hidaya. Kama hina ilikuwa mbichi, mbona kasha halina doa? Na kama bibi harusi aliinawa, mbona mkono wake hauonyeshi kitu? Hakutaka kubahatisha. Alijipaka hina mikono yote miwili, akanawa wa kushoto mapema, akauacha wa kulia mpaka ukakauka. Kesho yake wa kulia ulikuwa umekolea kama kahawa, na wa kushoto umepauka kama ganda la chungwa. Akaenda sokoni hivyohivyo.

"Hidaya!" muuza nazi akapaza sauti. "Bwana harusi kakimbia na nusu ya hina?"

Soko zima likacheka. Hidaya aliona aibu, lakini alirudi nyumbani karibu anakimbia, akamtia muuza nazi kitabuni. Sasa katikati ya hadithi wageni wanamtania bibi harusi kuhusu mkono wake wa kushoto, msomaji anacheka nao, na hadithi inasonga mbele. Kisha akapitia kila ukurasa. Aliondoa shangazi mmoja asiye na kazi, akafuta mbio za polisi ambazo Shemsa alizipenda sana, akahamisha kikombe cha chai ili pasiwe na mtu chumbani wakati kidani kinachukuliwa. Hakuongeza tukio hata moja jipya, ila ule utani.

Mama yake alimchungulia. "Mwanangu, Shemsa ana hadithi, Mgeni ana mwizi. Wewe una nini humo?"

Hidaya akapekua kurasa kutafuta cha kumwonyesha. Kazi yake ikifanyika vizuri, haionekani.

Wale watatu wakawasomea wanawake waliokuwa wakisuka ukili wa mikeka uani kwa Mgeni. Kila mmoja alikuwa na mwizi wake, na wote walikosea. Mkono wa kushoto ulipotajwa tena mwishoni, kwamba ulinawa mapema ili ufungue kasha, mmoja wao, Bi Mwanahija, aliutupa ukili wake chini. "Yallah! Na mimi nilicheka! Niliuona kwa macho yangu nikacheka!"

Mchapishaji wa Dar es Salaam naye akakipenda. Ila alikuwa na sharti. "Jaladani jina moja tu. Msomaji wa upelelezi anamfuata mtu, hafuati kamati. Nitapiga simu saa nne mnitajie."

Saa nne ikawakuta uani.

"Nyumba ile niliijenga mimi," alisema Shemsa. "Bila nyumba, mngeiba wapi?"

"Na bila mimi," alisema Mgeni, "watu wangemkamata mwizi wako wakarudi zao kula."

Kisha Shemsa akasema polepole, "Lakini Bi Mwanahija hakuutupa ukili kwa ajili ya nyumba."

"Wala kwa ajili ya mwizi," Mgeni akakiri. "Aliutupa kwa ajili ya ule mkono." Akamgeukia Hidaya. "Ila bila nyumba na bila mwizi, shoga, mkono wenyewe ungekuwa wa nani?"

Hidaya alimfikiria mama yake akikishika kitabu, akitafuta jina jaladani.

Simu ikalia. Ilikuwa karibu na mkono wake wa kushoto, ambao bado haukuwa na rangi ya mwenzake. Akaipokea.

"Haya," sauti ikasema. "Niandike nani?"

Mawifi wote wawili wakamtazama yeye.

Je, wewe uliyekaa hapa, simu ile ingekuwa sikioni kwako, ungetaja jina la nani?