Nukta Tano za Shemeji

Mwiba ni kitu kidogo na hauna kelele. Lakini anayeukanyaga akasema, "Utatoka wenyewe," huishia kuuguza mguu mzima. Ndivyo yalivyomfika mtaalamu mmoja wa metali, aliyeitwa Rula pale chuoni kwa kupenda mistari iliyonyooka.

Kwa miaka sita Rula alitunga hesabu za kueleza umeme na joto vinavyopita katika metali moja ngeni. Katika waya wa kawaida, kila elektroni hushika hamsini zake, na umeme na joto huandamana kama chanda na pete. Katika metali ile elektroni zilibanana kama watu mlangoni, moja haisogei bila kusukuma nyingine. Hata hivyo, hesabu za Rula zilishikilia kwamba chanda na pete haviachani.

Mpimaji wake alikuwa kaka wa mkewe, fundi wa mitambo ya baridi.

"Shemeji, nukta tano za vipimo vyangu zimekataa mstari wa hesabu zako. Kwenye baridi kali umeme unapita, joto linabaki nyuma."

"Waya umelegea huo."

"Nimeufunga upya mara tatu."

"Tano kati ya tisini! Mbona unataka kuniharibia?"

"Ndoa nitakulindia, shemeji. Hesabu jilindie mwenyewe."

"Uchafu tu huo," Rula akasema, akazifuta kwa mkono wake.

Makala ikatoka, akapigiwa makofi. Wanafunzi wanne wakajenga utafiti wao juu ya mstari ule. Fundi aliaga kazi, akafungua kibanda cha kutengeneza friji.

Mwaka wa tatu ikaja barua kutoka maabara ya mbali. Walikuwa wamepima metali ileile, wakaona joto likiachwa na umeme. Waliuliza kwa adabu: "Je, ninyi hamkuliona hili?"

Rula alikwenda mbio kibandani. "Rudi, shemeji. Tupime upya."

Fundi alijifuta grisi taratibu. "Nilikuletea kitu ambacho hakuna mtu aliyekuwa amekiona, ukakiita uchafu. Sasa wamekiona wengine. Nirudi kupima nini?"

Rula alirudi chuoni peke yake. Aliiondoa makala yake kwa aibu, na wale wanafunzi wanne wakaanza upya. Mmoja wao, mama wa watoto wawili, alikusanya karatasi zake mezani bila kumtazama usoni. Hilo ndilo lililomuuma kuliko barua. Kweli, mdharau mwiba mguu huota tende.