Uzi Ulioning'inia Kwenye Mkaja

Kabla ya kukata uzi, uliza umeshika nini. Mmemsikia mama yenu akiyasema maneno hayo, sasa mnauliza yametoka wapi. Yametoka kwenye aibu: shali ya mkaja, zawadi anayopewa mama wa binti anayeposwa, ilimfumukia mama mmoja akiwa ameivaa, mbele ya wazee wa pande zote mbili.

Huko milimani Makete, baridi ya Julai haina adabu. Bibi Atupele alitaka mjukuu wake Fidelis apate mke, akamfumia mama wa binti shali ya sufu kwa mtindo wa ukoo wao. Inaanzwa shingoni kwa vitanzi vitatu, kila mstari unaongezwa, mpaka mgongo wote unafunikwa. Kitanzi cha mwisho hakifungwi. Uzi hupitishwa ndani yake kukishikilia na kuachwa ukining'inia, ili mama wa binti apige fundo kwa mkono wake mwenyewe. Akifunga, amekubali posa.

Aliyeipeleka ni mshenga, Mzee Tweve, mtu wa usafi kupita kiasi. Akipita kwenye ua wa jirani alikuwa anaokota majani yasiyo yake. Alipofika mlangoni kwa wakwe na mbuzi wa posa, akafungua mfuko, akauona ule uzi.

"Bibi kazeeka," akajisemea. "Bila mimi leo tungechekwa."

Akaukata kwa meno.

Ndani akamvika shali Mama Tulizo, mama wa binti, kwa heshima zote. Hakuona kwamba kitanzi kilichoachia kimenasa kwenye kifungo cha koti lake. Akaanza kuhutubia, na yeye hakuweza kusema bila kutembea.

"Sisi kwetu hatuleti kitu kilicholegea," alisema, akienda mpaka dirishani na kurudi.

"Mshenga," alisema Mama Tulizo, "mbona napigwa baridi kiunoni?"

"Ni mlango huo, mama. Fungeni mlango."

Mlango ukafungwa. Akaendelea na hotuba, akapita nyuma ya viti, akazunguka meza.

"Sasa imefika mabegani."

Mjomba wa binti akataka kuinuka aangalie, akashindwa. Miguu yake ilikuwa imezungushiwa sufu pamoja na miguu ya kiti.

Mama Tulizo akajipapasa. Shali ilikuwa imebaki kola.

"Uzi wa kupiga fundo uko wapi?"

"Niliukata, mama. Ulikuwa unaning'inia."

"Hata kamba ya mbuzi uliyekuja naye inaning'inia. Mbona hukuikata?"

Mama Tulizo akavua ile kola, akamkabidhi Mzee Tweve.

"Mwambieni Bibi sijakataa, ila sina cha kufunga. Na wewe, baba, kabla ya kukata uzi, uliza umeshika nini."

Uzi ulirudi mzima; kazi ndiyo iliyokufa. Bibi Atupele alianza upya na vitanzi vitatu, Fidelis akimshikia uzi na kukonda. Harusi ikafanyika Novemba, Mama Tulizo ndani ya shali aliyoipiga fundo mwenyewe, jasho likimtiririka.

Hasara ilikuwa hii: shali moja, msimu mzima wa baridi, mbuzi mmoja wa faini kutoka zizi la Mzee Tweve, na kifungo kimoja cha koti, alichokikata mkewe bila kumuuliza.