Ubao wa Sudi na Jeneza la Kichangani

Jicho la shaka huvika ubao sanda.

Mmemsikia Mama Nasra akimtupia mumewe maneno hayo pale dukani, mkacheka, kisha mkaja kuniuliza: ubao gani, na sanda ya nani? Mmefanya vyema kuuliza. Siku hizi watu humimina methali midomoni bila kujua zilikotoka. Kaeni. Na wewe weka hiyo simu chini, haikimbii. Chimbuko la methali hii ni Kichangani, na aliyeizaa, bila kupenda, ni Mzee Mbwana.

Mzee Mbwana alikuwa mtunzaji wa jeneza la msikiti. Kazi hiyo aliirithi kwa baba yake na aliifanya kwa moyo wote. Hakuna aliyekufa Kichangani bila yeye kuwa wa kwanza mlangoni. Lakini alikuwa mtu wa shaka, tena shaka iliyokomaa. Ukimuuzia samaki, humnusa samaki mashavuni, kisha akakutazama wewe kana kwamba angependa kukunusa pia.

Mkewe alikuwa amefariki, akamwachia binti mmoja, Saumu, na huyo ndiye aliyekuwa mboni ya jicho lake. Basi akatokea kijana, jina lake Sudi, fundi baiskeli, akaleta posa. Sudi hakuwa mwenyeji. Alikuja kutoka ghuba ya pili, alikokuwa akifanya kazi hotelini, akapanga chumba kwa Bi Mishi, mwisho wa kijiji. Bi Mishi huyohuyo ndiye aliyekuwa mshenga wake.

"Jibu nitatoa Ijumaa," Mzee Mbwana alimwambia Bi Mishi. "Kwanza nichunguze."

Alijua kwamba Saumu amempenda kijana huyo. Akimnyima bila sababu, binti hatabisha wala kulia. Atanyamaza tu, na kunyamaza kwa Saumu kulimtisha mzee kuliko kelele za watu kumi.

Sasa, desturi ya pale ni kwamba posa ikiwa haijajibiwa, mposaji na baba wa binti hawasemezani. Wakikutana njiani kijana hupisha na kuinamisha kichwa, na mzee hupita kama aliyepishana na mti. Neno lolote hupitia kwa mshenga. Na wiki ileile ya uchunguzi, mshenga akatoweka. Mlango wa mbele wa Bi Mishi ulifungwa kufuli, baraza aliyozoea kukaa akisuka ukili ikabaki tupu, na hakuna mtu aliyeagwa.

Asubuhi ya Jumanne, baada ya sala ya alfajiri, Mzee Mbwana alikuwa barazani pa msikiti akikung'uta mkeka. Kulikuwa kumeanza kupambazuka. Mara akamwona Sudi anakuja, anakokota baiskeli. Ubavuni mwa baiskeli hiyo, kuanzia kwenye usukani hadi nyuma ya keria, kilifungwa kwa mipira ya tairi kitu kirefu kupita mtu mzima, kimeviringishwa shuka nyeupe. Mbele kilikuwa chembamba, katikati kipana, na mwisho kule nyuma shuka iliinuka kwa ncha, kama inavyoinuliwa na vidole vya miguu vya mtu aliyelala chali. Sudi alisukuma taratibu, kichwa chini, macho mchangani.

Mzee Mbwana akasimama. Hakufikiri, miguu ilisimama yenyewe, kama inavyopasa maiti akipita. Akatamka "Inna lillahi wa inna ilaihi rajiun", akatafuta ndara zake, akafuata ili apate thawabu za hatua za kumsindikiza maiti. Alikuwa amekwisha kupita nyumba kadhaa alipotambua kwamba katika msiba ule mwombolezaji ni yeye peke yake.

Akakaa kando ya njia. Maiti gani huyu, asiye na watu? Na jeneza liko msikitini, chumba kimefungwa, na ufunguo umo mfukoni mwake. Upepo ukamletea harufu tamu ya manukato kutoka kwenye ile shuka. Baiskeli ikakata kona kuelekea ufukweni, na Mzee Mbwana akarudi nyumbani.

"Yule mposaji wako hubeba nini kwenye baiskeli?" alimuuliza Saumu, aliyekuwa akimmiminia chai.

"Sijui, baba. Muulize."

"Mkwe haulizwi njiani."

"Basi na kuchunguzwa asichunguzwe njiani," Saumu alisema, akamsogezea kikombe kwa adabu zote.

Jioni akamwendea Mzee Kitwana, mwadhini, ambaye ua wake unapakana na ua wa Bi Mishi. Kitwana hakungoja kuulizwa mara mbili. Alisema kwamba alasiri ile alisikia maji yakimwagwa nyuma ya makuti. Kata moja, kimya, kisha kata nyingine, tena polepole.

"Mtu haogi hivyo, Mbwana."

"Huoshwa," alisema Mzee Mbwana.

Wakatazamana. Kila mmoja alikuwa na jina la Bi Mishi ulimini, na hakuna aliyetaka kuwa wa kwanza kulitamka. Bi Mishi alikuwa mjane, mwenye nyumba yake, mwenye minazi yake. Na ndani ya nyumba hiyo hakubaki mtu ila mpangaji.

Siku ya pili Mzee Mbwana hakusimama barazani. Alijibanza nyuma ya ukuta wa madrasa na kuchungulia. Baiskeli ikapita na mzigo uleule, shuka ileile, ncha ileile. Na harufu ile tamu.

"Bado hajamtupa," alimnong'oneza Kitwana baadaye. "Anamtoa na kumrudisha. Kwa nini?"

Kitwana aliyajua maji. "Siku hizi ni maji mafu, Mbwana. Ukitupa kitu leo, kesho kiko palepale. Anangojea bamvua, bahari ichukue mbali."

"Bamvua inaanza lini?"

"Kesho."

"Twende kwa mwenyekiti," Kitwana akaongeza.

"Akiulizwa njiani, atasema amebeba nguo za kufua. Mimi nataka tumkute na maiti mkononi, hukohuko ufukweni," alisema Mzee Mbwana.

Msimcheke bado. Mzee Mbwana alikuwa na uchungu wa kweli. Bi Mishi ndiye aliyemwosha mkewe alipofariki, akamwosha kwa huruma, akatoka chumbani macho mekundu kama ndugu. Mzee alijiapia kwamba mwanamke yule hataliwa na samaki maadamu yeye ana ufunguo wa jeneza mfukoni. Na alipokumbuka kwamba mkono uliofanya unyama huo ndio uliotaka kupewa mkono wa Saumu, hakula chakula.

Alhamisi asubuhi akaamuru kaburi lichimbwe. Vijana walichukua majembe bila swali, kwa sababu Kichangani hakuna anayekataa kuchimba kaburi, na kumuuliza mtunza jeneza maswali ni utovu wa adabu. Halafu jeneza likatolewa, likafunikwa kitambaa chake cha kijani, wanaume wanne wakaliweka begani. Muuza vitumbua akaliona, akafunika karai lake. Mwenye duka akafunga mlango. Wavuvi wakaacha nyavu. Wanawake hawaendi makaburini, lakini jeneza halikuelekea makaburini, basi nao wakafuata kwa mbali, kanga vichwani. Nusu ya kijiji ikawa njiani.

"Nani?" mmoja alimuuliza mwenzake.

"Sijui. Mbwana anajua."

"Nani?"

"Mbwana anajua."

Walipofika ufukweni waliiona baiskeli imeegemezwa kwenye mti wa mvinje. Chini yake ile shuka ilitandazwa mchangani, tupu.

"Tumechelewa!" alipiga kelele Mzee Mbwana. "Amekwisha kumtupa!"

Watu wakageukia bahari. Kule mbali kidogo, Sudi alikuwa amelala kifudifudi juu ya kitu kirefu cheupe, akipiga maji kwa mikono. Wimbi likajikusanya nyuma yake, likapanda. Na Sudi akainuka, akasimama wima juu ya kile kitu, mikono ameitanua, akaja mbio juu ya maji kuelekea kwao.

"Kampanda!" mwanamke mmoja akalia. "Jamani, kampanda maiti!"

Wabebaji wawili wa mbele walishusha jeneza na kukimbia, na hadi leo wajukuu wao hawapendi hadithi hii isimuliwe.

Sudi akashuka kwenye maji ya magoti. Akauona umati, akaliona jeneza. Akakiacha kile kitu mchangani, akaiokota shuka haraka akajifunga kiunoni, maana hakutaka kusimama mbele ya wazee na kaptura iliyolowa. Akainamisha kichwa.

"Shikamooni, wazee wangu. Poleni kwa msiba."

Sudi hakuuliza nani amekufa. Aliona tu kwamba jeneza limekosa watu upande wa mbele, akaenda, akaingiza bega lake lililolowa chini ya mpini.

"Bismillahi," alisema, akainua.

Jeneza likapanda upesi mno, karibu limwangushe. Sudi akaganda. Akamtazama Mzee Mbwana, na macho yake yakajaa machozi.

"Mzee wangu, mbona jepesi? Ni mtoto?"

Mzee Mbwana akakiendea kile kitu mchangani. Akakigusa. Kilikuwa kigumu, laini upande mmoja, na huko mwishoni kilikuwa na pezi kama la papa. Hivyo ndivyo vilivyokuwa vidole vya miguu. Upande wa pili kulipakwa kitu cha kunata. Akanusa vidole vyake, na ile harufu ya manukato ikamwingia puani.

"Hiki ni nini?" aliuliza. Lilikuwa neno lake la kwanza kumwambia mkwe wake.

"Ubao, mzee. Wa kupandia mawimbi. Mgeni mmoja wa hotelini aliniachia alipoondoka. Nausukuma kwa miguu kwa sababu ni mrefu, nikipanda baiskeli upepo unanitupa mtaroni."

"Na shuka?"

"Inaikinga ile nta ya manukato niliyoupaka ubao ili nisiteleze. Ikipigwa na jua huyeyuka."

"Na maji, kule uani?"

"Nausuuza chumvi."

"Sasa kwa nini unajifichaficha alfajiri kama mwizi?"

Sudi akatazama chini. "Niliogopa ukisikia nacheza na mawimbi, utasema bado sijakua, huwezi kunipa mwanao. Nikasema nifunike mpaka Ijumaa ipite."

Kabla mzee hajajibu, nyuma ya umati kulisikika kilio. Mwanamke alikuwa akijipenyeza, kapu la safari mkononi, kanga imemporomoka mabegani, machozi yanamtiririka. Alikuwa ameteremka garini barabara kuu, akaona jeneza linapita, akalifuata kama wenzake.

"Nani, jamani? Nani katutoka?"

Watu wakampisha. Alikuwa Bi Mishi.

"Bi Mishi," Mzee Mbwana alisema. "Ulikuwa wapi?"

"Kwa mwanangu, kajifungua ghafla, nilikwenda kumkanda. Nitamuaga nani alfajiri ile, kuku? Niambie wewe, jeneza la nani hili?"

Nusu ya kijiji ilimtazama Mbwana, maana Mbwana ndiye aliyekuwa anajua.

"Lako," alisema.

Bi Mishi akakaa mchangani. Akalitazama jeneza, akautazama ubao, akamtazama Sudi na bega lake bado liko chini ya mpini.

"Na kaburi?"

"Limekwisha kuchimbwa," alisema Kitwana kwa sauti ndogo.

"Lina mwanandani mzuri wa kunilaza?"

Kisha akacheka, akacheka mpaka akalazimika kushika mbavu, na umati wote ukapasuka. Aliyebaki bila kucheka ni Mzee Mbwana. Aibu ilimshika mpaka akatamani lile kaburi aingie yeye. Bi Mishi alipopata pumzi akamwambia, "Mbwana ndugu yangu, Mungu amekupa macho mawili, na yote mazima. Hilo la tatu la shaka umelipata wapi? Ona lilivyofanya. Jicho la shaka huvika ubao sanda."

Hayo yalisemwa pale mchangani, na jioni yake kijiji kizima kilikuwa kinayasema.

Lakini kazi haikuisha. Mnajua kwamba kaburi likichimbwa haliachwi wazi, la sivyo litaita mtu wa kuingia. Huzikwa mgomba badala ya maiti. Mzee Mbwana akaukata mgomba uani kwake, na kwa kuwa jeneza si la migomba, akakosa chombo cha kuubebea. Sudi akaleta baiskeli. Wakauviringisha ileile shuka ili utomvu usiwaharibie nguo, wakaufunga ubavuni kwa mipira ya tairi, wakaanza kusukuma, kijana mbele, mzee nyuma.

Njiani walikutana na mpita njia, mtu wa kijiji kingine. Alipouona mzigo ule akasimama, akavua kofia yake ya ukindu, akaanza kuwafuata kwa huzuni. Mzee Mbwana akamwambia Sudi asimame. Akafungua mipira, akafunua shuka yote.

"Ni mgomba, bwana," alisema. "Njoo uushike mwenyewe."

Alifanya hivyo kwa kila mtu waliyekutana naye, aliyeuliza na asiyeuliza, mpaka makaburini.

Alipofika nyumbani, Saumu alikuwa mlangoni. Habari zote alikuwa nazo, lakini hakucheka.

"Baba, umemuuliza?"

"Nimemuuliza."

"Akasemaje?"

Mzee Mbwana alivua ndara, akakaa. "Alitoa bega kabla hajauliza nani kafa," alisema. "Mimi sina tena la kuchunguza."

Jibu la posa lilitoka Ijumaa kama lilivyoahidiwa, akapewa mshenga, ambaye kwa bahati njema alikuwa hai wa kulipokea.

Sasa mnajua. Ila msimbebeshe Mzee Mbwana mzigo wote peke yake. Shuka ile aliifunga Sudi kwa mkono wake, kwa kuwa naye alimdhania mzee mabaya kabla ya kumjaribu. Mmoja alifunika, mwenzake akaona maiti, na kijiji kizima kikamchimbia bibi kaburi akiwa safarini. Neno moja la kuulizana lingetosha. Jicho la shaka, wanangu, huvika ubao sanda.