Mchicha wa Wakubwa

Hapo zamani za kale, wanangu, siku ambazo wanyama walikuwa na majiko, mikeka na majirani wambeya kama sisi, Bi Ndovu na mumewe walimlea kobe. Walimwokota njiani akiwa mdogo kama kokwa la embe, wakamwita Kijino, wakampa kona yake karibu na mtungi wa maji.

Kijino alikuwa na tabia njema zote isipokuwa moja. Hakula mboga.

"Kijino mwanangu, mchicha huu."

"Sitaki."

"Matembele je? Nimeyatia nazi."

"Yananuka majani."

"Si ni majani, mwanangu!"

"Ndiyo maana," akasema Kijino, akaingiza kichwa gambani, fyuu! Hakukitoa mpaka alipoletewa ndizi mbivu.

Basi ikawa ndizi asubuhi, ndizi mchana, ndizi jioni. Siku moja Bi Ndovu alimpapasa mgongoni kwa ncha ya mkonga, gamba likabonyea kama andazi. Kobe hujenga gamba lake kwa majani, na nyumba ile ilikuwa ya ndovu wawili. Miguu minane ilipita humo huku na huku kutwa nzima!

"Mume wangu," alisema, "siku utakayomkanyaga huyu, hatutakuwa na kobe. Tutakuwa na uji."

Bwana Ndovu akajaribu njia yake. Akapiga mguu chini, gudu! Vikombe vikaanguka. "Kula!"

Kijino akajificha gambani siku mbili.

Bi Ndovu, macho yamemvimba kwa kulia, akaenda nyuma ya nyumba kwa Chaku, kuchakuro, ndugu yake kindi, aliyekaa kwenye shimo la mkwaju. Chaku akamsikiliza huku akijisafisha masharubu.

"Shangazi, hilo dogo. Zungusha ua wa michongoma kwenye bustani. Chini acha tundu la kumtosha yeye tu. Mjomba alinde, atangaze kwamba mboga ni za wakubwa."

"Mjomba wako hajui kuigiza."

"Basi usimwambie. Alinde kweli."

"Na ndizi?"

Chaku akashusha pumzi. "Hizo ndizo kazi. Akizinusa tu, mpango umeharibika. Uziweke hapa kwangu kila asubuhi. Nitahangaika nazo mwenyewe."

"Ahsante, mwanangu. Una roho nzuri."

Kesho yake ua ulikuwa tayari, na Bi Ndovu akamwambia mumewe alinde mboga, ni za wakubwa tu. Bwana Ndovu akasimama mbele ya ua, kifua mbele. "Mchicha huu ni wa wakubwa! Unatia nguvu! Kijino asionekane hapa!"

"Nani kasema nautaka?" akauliza Kijino.

"Vizuri! Usiutake!"

Kutoka jikoni, Bi Ndovu alimwona Kijino akiutazama ua. Akageuka, akaenda hatua tatu, akautazama tena. Mchana, mumewe alipokwenda kuoga mtoni, ikasikika sauti bustanini: karach! karach! karach! Bi Ndovu akaziba mdomo kwa mkonga asije akacheka.

Siku ya tatu Bwana Ndovu aliingia akitoa moshi puani. "Tunaibiwa! Matuta mawili yamekwisha!" Akaziba tundu kwa jiwe. Alipokwenda kuoga, mkewe akaliondoa. Mume akaziba tena, jiwe likaondolewa tena. Mwezi mzima mke na mume walishindana na jiwe lile, na Bi Ndovu akajiona mwerevu kuliko wote nyumbani.

Siku moja Bwana Ndovu alirudi mapema kutoka mtoni.

"Mwizi!"

Kijino akatoka tunduni mbio, mbio za kobe mnazijua. Bwana Ndovu akageuka amkamate, akarudi nyuma hatua moja. Gu!

"Yarabi!" Bi Ndovu akaangusha mwiko. "Umemkanyaga!"

Bwana Ndovu akainua mguu polepole. Gamba lilikuwa limezama kwenye udongo. Halafu kichwa kikachomoza, jani la mchicha limening'inia mdomoni.

"Nisameheni," akasema Kijino. "Nimeiba mboga zenu."

Gamba halikuwa na hata ufa. Bwana Ndovu akaketi chini, machozi yakamtiririka. "Kula, mwanangu! Bustani yote ni yako!"

Hamu ya Kijino ikapoa. Akalitema lile jani.

"La!" akapiga kelele Bi Ndovu. "Marufuku! Hata jani moja!"

Kijino akaliokota haraka, akameza.

Bi Ndovu akaenda mbio kumshukuru Chaku. Chini ya mkwaju akakuta chungu ya maganda ya ndizi. Chaku mwenyewe alikuwa akijisukuma kuingia shimoni, tumbo limekataa kupita.

"Chaku, ndizi zangu ziko wapi?"

"Zilioza, shangazi."

"Zikajimenya?"

Chaku akapata kwikwi. Bi Ndovu akayatazama yale maganda, chane thelathini alizozibeba kwa mkonga wake mwenyewe, kila asubuhi, akisema ahsante.

Hadithi yangu inaishia hapo, wanangu: anayefurahi kwamba yeye peke yake ndiye anayeijua siri, na achunguze vizuri, huenda na yeye anachezewa.