Kilimo cha Paka

Mkimwona paka leo amemaliza haja yake, akafukia, kisha akageuka kunusa, msidhani alizaliwa na adabu hiyo. Hakuwa nayo hata chembe. Zamani, enzi ambazo wanyama wa nyumbani walikuwa bado wanasema na watu, paka aliiacha haja yake popote alipopapenda, wazi, juu ya ardhi, akaondoka mkia juu bila kutazama nyuma. Hata kuku alikuwa na haya kuliko yeye, na kuku mnamjua.

Enzi hizo, katika mji wa Mwambakoni, aliishi mkunga aliyeitwa Siwatu. Mbele ya nyumba yake palikuwa na kiwanja cha ukoka, si kikubwa, mikeka miwili ungeitandika pakajaa. Watu wa mji ule walikuwa na desturi yao. Mtoto akitimiza arubaini alitolewa nje, na kabla hajapelekwa kokote alilazwa kwanza juu ya ukoka wa mkunga, bila mkeka wala kanga, mgongo wake uiguse ardhi aliyokuja kuishi. Ndiyo maana Siwatu aliutunza ukoka ule kuliko alivyojitunza mwenyewe. Kila jioni aliumwagilia maji, magugu aliyang'oa kwa vidole, na ole wake aliyeukanyaga na viatu.

Mwaka huo alikuwa na sababu ya ziada. Binti yake, Sikudhani, alikuwa amejifungua. Aliolewa zamani, akashika mimba zikaharibika, mpaka watu wakaanza kumwonea huruma kwa sauti za chini, na wengine wakamwambia waziwazi aache kujisumbua. Sasa alikuwa na mtoto wa kike ndani, analia kama watoto wote wanavyolia, na Siwatu kila akimsikia alijikuta anatabasamu peke yake jikoni. Siku ya kumtoa mtoto nje ilikuwa inakaribia.

Basi asubuhi moja alitoka na ufagio wake, akakuta katikati ya ukoka pamechafuliwa. Hakuhitaji kuuliza. Jirani yake, Mashavu, mjane asiye na mtoto, alikuwa na paka jike aliyeitwa Kidosho, mweupe mwenye mabaka ya kijivu, na mwenye maringo ambayo hata mke wa jumbe hakuwa nayo. Siwatu alizoa, akamwaga maji, akanyamaza kwa ajili ya ujirani. Kesho yake akakuta tena, palepale.

Akamwaga majivu. Kidosho aliyazunguka majivu, akachafua pembeni. Akanyunyiza pilipili ya kusaga. Kidosho alipiga chafya, akasogea kidogo, akaendelea na shughuli zake. Aliyeteseka ni Siwatu, aliyejisahau akajipangusa jicho kwa mkono uleule. Akatandaza matawi ya mlimau yenye miiba, na hayo kweli yalimzuia paka. Lakini Siwatu alipoitazama ile miiba, imelala pale pale atakapolazwa mjukuu wake, aliiondoa yote na kuupapasa ukoka kwa viganja asije akaacha hata mwiba mmoja.

Mkwewe, baba wa mtoto, akasema atatega kitanzi. Siwatu akamkataza kwa ukali. Alimjua Mashavu tangu siku alipofiwa, na alijua katika nyumba ile hakuna mwingine anayepumua ila yule paka. Akajifunga kanga, akaenda mwenyewe.

"Hodi, shoga. Nimekuja na neno, usinichukie."

"Karibu. Neno lako nalijua," alisema Mashavu. "Ni Kidosho."

"Mjukuu wangu nitamlaza wapi, Mashavu? Hebu niambie wewe."

Mashavu akainamisha kichwa. "Nimemkanya, shoga, hasikii. Nikamfungia ndani, akalia mpaka watu wakaja kunipa pole wakidhani nauguza. Paka hafungwi kamba kama mbuzi. Ukitaka nikamtupe porini, nitamtupa, kwa kuwa ni wewe umesema. Lakini nikirudi humu ndani nitasema na nani?"

Siwatu akamwambia asimtupe, akaaga. Alirudi kwake hasira imemwisha, na badala ya hasira alikuwa na swali moja lililomkera kama punje kwenye jino. Mji mzima una viwanja, vichaka na njia. Kwa nini paka huyu anakuja kwangu tu? Alishangaa kwamba muda wote ule alikuwa akimfukuza bila hata kumwuliza mtu swali hilo, wala kujiuliza mwenyewe.

Asubuhi iliyofuata aliketi barazani akimenya mihogo, jicho likiwa kwa jirani. Kidosho alitoka, akajinyoosha, akauzunguka uwanja wa Mashavu. Alikuwa akiigusa ardhi kwa mguu wa mbele, hapa, kisha pale, kama mtu anayechagua embe sokoni. Uwanja ule ulikuwa umefagiliwa na kutwangiwa mpunga miaka mingi, umekuwa mgumu kama kinu. Paka akaacha, akavuka, akaja moja kwa moja kwenye ukoka, penye ardhi laini iliyolowa maji ya jana jioni.

"Kumbe!" Siwatu alisema kwa sauti, kisu mkononi. "Kumbe mimi ndiye ninayemwandalia!" Akacheka mpaka Sikudhani akauliza kutoka ndani kuna nini.

Siku ile ile alichukua jembe na kumwomba Mashavu ruhusa. Nyuma ya jiko la mjane yule alilima kipande cha ardhi, akavunjavunja mabonge, akachanganya na mchanga wa mtoni mpaka udongo ukawa laini wa kupitisha vidole. Nusu ya kipande akapanda njugu mawe, ziwe za Mashavu. Nusu nyingine akaiacha tupu. Kidosho alikuwa amekaa juu ya kinu, anatazama kila kitu.

"Unaficha nini humo?" aliuliza.

"Sifichi, napanda."

"Na ukishafukia?"

"Nangoja. Baadaye kinachomoza, na watu wanafurahi."

Paka alifikiri. Katika maisha yake hakuwahi kuona mtu akifurahia alichokiacha nyuma yake. Alikuwa amezoea mayowe na ndara za kurushwa, na jambo hilo lilimuuma, ingawa kwa maringo yake hakuwahi kulisema. "Sasa mbona mimi kila nikiweka changu mnanipigia kelele?"

"Kwa sababu unakiacha juu, mwenzangu! Umeona wapi kitu kikaota juu juu? Chimba, weka, fukia vizuri, hapa penye udongo laini. Kule kwenye ukoka usijisumbue, mizizi imejaa, hakioti kitu."

Aliyasema hayo uso mkavu kabisa, na mimi simlaumu. Mwenye mjukuu ndani asingesema vingine.

Kidosho akajaribu. Alichimba, akaweka, akafukia, akasawazisha kwa mguu kama alivyoona. Kisha akageuka, akashusha pua, akanusa kuona kama kimeanza. Tangu hapo ukoka wa Siwatu ulikaa safi, hata umande wake ulikuwa wa kupendeza.

Siku ya arubaini ikafika. Mtoto alilazwa juu ya ukoka, akashtuka kwa ubaridi, akarusha miguu, na vigelegele vikapaa. Sikudhani alipiga magoti kando yake, akalia bila kujificha. Mashavu alikuwa mbele ya wote, na Kidosho alikuwa miguuni pake, hakukanyaga ukoka. Kelele zilipopungua paka alimsogelea Siwatu.

"Na huyu naye mlimpanda?"

"Tuseme hivyo," alijibu Siwatu, akizuia kicheko.

"Alichukua muda gani kuchomoza?"

Siwatu alikuwa na mzaha mwingine tayari mdomoni. Lakini alimtazama binti yake pale alipopiga magoti, na mzaha ukamtoka. "Muda mrefu," alisema. "Mrefu sana. Mama yake alingoja mpaka watu wakamwambia aache."

"Akaacha?"

"Hakuacha."

"Basi na mimi nitangoja," alisema Kidosho, akarudi zake nyuma ya jiko.

Na tangu siku hiyo paka akipata udongo laini huchimba, akaweka, akafukia. Tangu siku hiyo pia, mwenye akili akichafuliwa bustani na paka wa jirani, hatafuti fimbo, hulainisha udongo mahali pengine. Paka siku hizi hasemi tena na watu. Lakini kila akishafukia hugeuka, akainama, akanusa, na nyinyi mkimwona hivyo msimcheke. Anaangalia kama kimeota. Hakuna aliyewahi kumwambia kwamba hakitaota, na mimi sitakuwa wa kwanza.