Twiga wa Sikujua

Bwana Mwinchande aliponunua hoteli, aliwakunjia uso twiga aliowachora Sikujua kwenye ukuta wa bustani.

"Urembo wa kopo la biskuti huu. Nataka sanaa mpya: weupe mtupu, wageni wafikiri. Nikiona hata kwato, kazi huna."

Akampa chokaa, na chumvi ya kuchanganya ili ishike. Sikujua akapaka.

Wageni walikuja, wakautazama weupe ule kwa adabu.

"Ukuta huu unasema nini?" mmoja aliuliza.

"Ndiyo kwanza unasafisha koo," alijibu Sikujua, akitazama mawingu.

Mvua ikashuka. Likachomoza ukutani sikio, ikafuata shingo, kisha jua jekundu. Wageni wakapiga makofi hadi viganja vikawaka.

"Nani kabuni maajabu haya?"

"Mimi," alisema Mwinchande, kifua mbele.

"Basi bwana, tusiyaguse tena," alisema Sikujua, akaenda zake kuchemsha mihogo. Chumvi alikuwa nayo tele.