Jogoo Aliyefungwa Kwenye Kinu

Mwanamke mmoja alikuwa na jogoo na jirani. Jina lake Damari, mjane na Mkristo. Jirani yake alikuwa Mzee Hemedi, Mwislamu wa swala tano. Kati yao palikuwa na ua wa michongoma tu, nao ulikuwa na upenyo uliochimbwa na nyayo za miaka ishirini.

Kila Krismasi, kabla kengele ya kanisa haijalia, Damari alipita penye upenyo ule, jogoo kwapani, akasema, "Shikamoo Mzee Hemedi, na heri ya Krismasi." Mzee aliitikia, akanoa kisu, akamchinja jogoo kwa bismillahi, ili pilau la Damari liwe halali kwa mtaa mzima. Adhuhuri wa kanisani na wa msikitini walizunguka sinia moja. Idi ilipofika, sinia ilivuka ua ikitokea upande wa pili, na baraka ya Idi juu yake. Damari aliipokea mara ishirini na hakusilimu hata mara moja. Alishiba tu, na moyo wake ukafurahi.

Mwaka ule akaja shemeji yake Zefania kutoka mjini, mtu msomi, na nia yake ilikuwa njema. Akamwambia kwamba siku hizi mtu wa dini nyingine hasalimiwi kwa sikukuu isiyo yake, ataona anasukumiwa dini, afadhali kunyamaza. Damari, asiyeweza kumuumiza hata siafu, akaingiwa na hofu. Akaikumbuka miaka yote ile akaona haya, kama mtu aliyeambiwa kwamba amekuwa akimkanyaga mwenzake mguu bila kujua.

Basi asubuhi ya Krismasi alimwona mzee uani kwake, akasema shikamoo tu, akainamisha kichwa akaingia ndani. Jogoo alikuwa amefungwa kwenye mguu wa kinu. Damari akachukua kisu cha jikoni, akatoka nje amchinje mwenyewe, ili asimsumbue mzee. Woga ulikuwa umemsahaulisha kwamba nyama aliyoichinja yeye, Mzee Hemedi hawezi kuila. Ndivyo ilivyo heshima yenye woga: humwondolea jirani usumbufu, ikamwondolea na mahali pake kwenye sinia.

Alipoinama kumshika jogoo, alisikia ng'ambo ya ua kisu kikinolewa kwenye jiwe, taratibu. Akachungulia. Mzee Hemedi alikuwa ameketi kwenye kigoda, kanzu imepigwa pasi, kofia mpya kichwani, birika la kunawia mikono liko kando yake. Kisu kilikuwa kikali tangu alfajiri, lakini aliendelea kukinoa, maana hakujua afanye nini kingine. Alipomwona Damari kwenye upenyo, hakufoka. Alisema, "Mwanangu, nimekukosea nini hata mwaka huu ukaninyima Krismasi yangu?"

Damari alicheka na machozi yakamtoka. Akarudi mbio, akamfungua jogoo, akapita upenyoni na kuitoa salamu yake kwa sauti iliyofika barabarani. Mzee akaitikia kwa sauti kubwa zaidi, na majirani waliosikia wakaanza kutafuta mikeka yao, kwa kuwa walijua pilau limeshathibitishwa. Zefania msomi akakabidhiwa vitunguu, akavimenya. Adhuhuri sinia ilikuwa moja kama zamani, na Mzee Hemedi alikula akiwa ameketi mahali pake. Mzee alimpenda Damari na Ukristo wake, wala Uislamu wake mwenyewe haukupungua.

Nanyi mnaonisikiliza, salamu yenu mmeifunga kwenye kinu kwa heshima ya nani, ilhali jirani mwenyewe ameshavaa kanzu yake, ameketi, anaisubiri?